Nani Alimposea Mfalme Wako?

Haya niliyasema Lubumbashi, mbele ya vijana wanaoandika hadithi za nchi za kubuni. Nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu, pamoja na swali moja nililoulizwa mwishoni.

Baba zangu, mama zangu, na ninyi wadogo zangu mliotoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, wengine kwa basi na wengine kwa miguu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme jinsi ya kubuni vyeo vya watawala na desturi za ndoa zao katika nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Wapo wanaoona kazi hii ni mchezo wa watoto. Mimi nimeifanya miaka mingi na sijaiona mchezo hata siku moja. Ukimtungia mtawala wako cheo kinachosimama na ndoa inayosimama, nchi nzima imeshaanza kupumua. Ukishindwa hapo, chora milima upendavyo, panga vita upendavyo, nchi hiyo itabaki haina mwenyewe.

Nianze na kambo, ndivyo hapa kwetu tunavyomwita mzazi wa mzazi. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kuandika hadithi yangu ya kwanza ndefu, na nilikuwa nikimsomea kambo kwenye parsele yetu, yaani kiwanja cha nyumba, huku akichambua lengalenga. Hadithi ilikuwa na mfalme aliyekaa katika jumba la mawe. Jina nililompa lilikuwa na sauti ya mbali, na mbele ya jina nilimpangia sifa kama mabehewa ya treni: Mtukufu, Mkuu, Mshindi. Alikuwa na malkia aliyevaa gauni jeupe. Ndoa yao niliimaliza kwa mistari minne: kengele, maua, watu wakashangilia, wakalala.

Kambo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho kwenye ungo: "Uyu mufalme, nani alimupa ile jina? Na bibi yake, balimutolea nini? Nani alipokea?"

Nilikaa kimya. Sikuwa na jibu hata moja.

"Basi hana bibi," akasema. "Na kama hana bibi, hana bakwe. Kama hana bakwe, uyu ni mutu tu, anakaa mu nyumba mukubwa."

Kila nilichoandika tangu siku ile kimetoka katika maneno hayo. Kambo aliona kitu ambacho mimi sikukiona: cheo ni neno la watu wawili. Yupo anayekibeba na yupo aliyekitoa, na huyo aliyekitoa lazima awe na uwezo wa kukikataza. Ndoa ndiyo mahali ambapo mtoaji huyo anaonekana kwa macho. Mtawala anaweza kuwa na majeshi elfu, lakini siku ya kuposa atamtuma mtu akae kwenye kiti cha chini katika nyumba ya watu wengine, aseme kwa adabu, na asubiri jibu. Ukitaka kumjua mtawala wako, mwandike akiwa anasubiri jibu hilo.

Tazameni mji wetu wenyewe. Tangu 1910 mpaka 1966 mji huu uliitwa Élisabethville, kwa jina la mke wa Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji. Miaka 56 babu zetu walitaja jina la mke wa mfalme kila waliposema wanakaa wapi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mkwe wake. Hakuna aliyepokea kitu, hakuna aliyetoa ruhusa. Likaja kuondolewa, tukarudi kwenye jina la mto. Jina lisilo na ndugu halina wa kulililia.

Sasa nataka tukae kidogo na wageni watatu.

Waluba wanasimulia kwamba zamani nchi ilikuwa chini ya Nkongolo Mwamba, mtu mkali, aliyekula na kunywa mbele za watu bila haya. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Huyu alijificha alipokula. Alikuwa na adabu za kikubwa ambazo nchi ile haikuwa imeziona. Nkongolo akampa dada zake wawili, Bulanda na Mabela. Bulanda akamzaa Kalala Ilunga, na Kalala Ilunga ndiye aliyemshinda mjomba wake Nkongolo na kuanzisha ufalme ule ambao mwenye nao huitwa Mulopwe. Mwindaji mwenyewe hakutawala. Aliacha mtoto, akarudi kwao.

Sogeeni magharibi, kwa Walunda. Mzee Nkond alitukanwa na kupigwa na wanawe wa kiume, akampa binti yake Ruwej bangili ya utawala, lukano. Akaja mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga. Ruwej akampenda, akaolewa naye, na ule lukano ukahama kutoka mkono wa mke kwenda mkono wa mume. Ndugu zake wakakasirika, wakaondoka na watu wao kwenda upande wa Angola. Ruwej hakupata mtoto. Mwanamke mwingine, Kamonga, ndiye aliyemzalia Chibinda mtoto aliyekuja kuwa Mwant Yav, ndicho cheo cha mfalme wa Walunda. Msipite haraka hapo. Mwenye bangili hakuzaa, na aliyezaa hakuwa na bangili, na nchi ikaamua kwamba wote wawili ni mama. Mpaka leo katika baraza la Mwant Yav kuna vyeo vya wanawake vinavyobeba historia hiyo: Swana Mulunda amesimama mahali pa Ruwej, na Lukonkeshia ni mama wa mfalme kwa cheo. Wasafiri wa karne ya 19 waliofika Musumba, mji wa Mwant Yav, walimkuta Lukonkeshia ana baraza lake mwenyewe na vijiji vyake vya kumletea kodi.

Wa tatu yuko mbali, Kilwa, na si mwindaji bali mgeni kutoka Shirazi. Masimulizi ya Kilwa yanasema alikinunua kisiwa kwa nguo nyingi, za kutosha kukizunguka. Na masimulizi ya Kiswahili yanaongeza kwamba alimwoa binti wa mwenye kisiwa.

Watu watatu, nchi tatu, mifupa ileile. Mgeni anakuja na ujuzi au na mali, mwenyeji ana ardhi, na katikati yao anakaa mwanamke ambaye bila yeye mgeni ni mwizi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini hadithi hizi zinaongeza sharti: mgeni njoo, na ukae kama mkwe. Mimi nilipoelewa hilo niliacha kuandika wafalme walioteremka kutoka mbinguni. Mtawala aliyeteremka hana wa kumwambia hapana.

Kuna jambo la pili ambalo nchi zetu zinalijua vizuri kuliko vitabu vingi vya hadithi za kubuni: cheo hakifi pamoja na mtu. Mwanaanthropolojia mmoja kutoka Uingereza, Ian Cunnison, alikaa Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa watu wa Mwata Kazembe, mtawala wa huko, hapo ng'ambo tu ya mpaka, Zambia. Alisikia wenye vyeo wakisimulia mambo ya mababu waliokufa zamani sana na kusema "mimi." Mimi nilivuka mto. Mimi nilipigana na fulani. Mzee aliyesema hayo alikuwa hajazaliwa mto ulipovukwa. Lakini alikuwa amerithi jina, na pamoja na jina alirithi ndugu wa jina. Kama mwenye cheo changu wa kwanza alikuwa kaka wa mwenye cheo chako wa kwanza, basi mimi na wewe ni kaka na mdogo wake leo, hata kama mimi nina miaka 15 na wewe una 60.

Fikirini hiyo inavyoweza kumfanyia kazi mwandishi. Kijana anaamka asubuhi, anatawazwa, na jioni ana mke mzee ambaye hakumchagua, ana mtoto mwenye mvi, ana deni la vita vya babu wa babu. Hakuna joka litakalokupa hadithi kama hiyo.

Waluba walikwenda mbele zaidi. Mulopwe alipokufa, mwanamke mmoja alipandwa na roho yake, akaitwa Mwadi. Huyo mwanamke alikuwa mfalme yule. Alipokea vitu vya utawala vya marehemu, fimbo na kigoda, akapokea na wake zake, na mahali alipotawala marehemu pakawa mji wa roho, akikaa hapo na watumishi wake. Kwa hiyo kulikuwa na mfalme mpya katika mji mpya, na mfalme wa zamani, mwanamke, katika mji wa zamani, wote wawili wakiheshimiwa kwa wakati mmoja. Na ili mambo haya yasichanganyike kulikuwa na watu wa chama cha Bambudye wenye lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, umepigwa shanga, ambao mjuzi anaupitisha kidole na kusoma: hapa fulani alioa, hapa fulani alikataa. Nendeni makumbusho ya hapa mjini mkatazame vitu vya Waluba kwa macho yenu. Tazameni viti vya utawala vinavyobebwa na mwanamke aliyechongwa chini yake. Kaeni navyo kimya dakika chache kabla hamjaandika neno "kiti cha enzi."

Nije kwenye maneno yenyewe, maana najua wengi wenu mmekuja na daftari mkitaka nionyeshe cheo kinavyofuliwa.

Kiswahili kimetupa tanuri la kutosha. Lipo neno "mwenye." Linaonekana dogo, lakini ndilo lililokaa kwenye Mwene Mutapa na Mwene Kongo, ndilo lililokuwa Mwinyi kule pwani, ambako mtawala wa Unguja wa zamani aliitwa Mwinyi Mkuu. Na tunalitumia kila siku tukimwita mtu mwenyekiti, bila kusikia tena kwamba tumemtaja mwenye kiti. Lipo umbo la mtu na kitenzi chake: Mtemi wa Wanyamwezi, ambaye wengi wanamweleza kuwa ni yule anayetema, anayekata msitu ili watu walime, na anayekata maneno ili watu waache kugombana. Cheo kizuri kina kazi ndani yake. Nikisikia "Mtemi" naona panga. Nikisikia "Mtukufu" sioni kitu.

Ukishapata neno, lijaribu. Liite getini usiku, mvua inanyesha, mjumbe amelowa: linatamkika? Mtie mdomoni mtoto wa miaka minne. Mtie mdomoni mwanamke mwenye hasira aliyeporwa shamba, anayetaka kuonyesha dharau bila kukatwa kichwa. Cheo ambacho hakiwezi kutamkwa kwa dharau bado hakijaiva.

Na usiishie kwenye jina. Cheo kina vitenzi vyake. Kinyarwanda hakisemi mwami, yaani mfalme, amekufa. Kinasema ametoa, "yatanze," kana kwamba alikuwa ameshika kitu na sasa amekikabidhi. Waganda wanasema Kabaka, mfalme wao, ameondoa mkono kwenye ngao. Mimi nikitunga nchi siku hizi naanza na swali hilo: watu hawa wanasemaje mtawala wao akifa, na wanasemaje akioa? Je, anaoa, au anaolewa? Katika Kiswahili mwanaume anaoa na mwanamke anaolewa, na mabadiliko ya silabi moja yanaweza kupindua utawala wote. Nilipoandika kwa mara ya kwanza sentensi "mwaka ule mfalme aliolewa," nilisimama mezani nikatembea uani mara tatu.

Juu ya mama wa wafalme nitapita haraka, maana peke yake ni hotuba. Rwanda ilikuwa na umugabekazi, mama aliyetawala pamoja na mwanawe. Eswatini ina Ngwenyama, simba, na kando yake Ndlovukati, tembo jike, ambaye ni mama yake. Buganda, Kabaka huchukua ukoo wa mama yake wakati watu wengine wote wanafuata ukoo wa baba, na hivyo kila ukoo unaotoa mke unaweza siku moja kuwa ukoo wa mfalme. Hiyo ya mwisho naiona ni hekima kubwa ya utawala, na haikuhitaji jeshi.

Na tusimsahau jirani yetu wa Bunkeya. Msiri alitoka Unyamwezi, akaja na biashara ya shaba, pembe na bunduki, na pia watumwa, jambo ambalo halifai kufichwa. Akajenga utawala wa Wayeke kwa jina la Mwami, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Aliyemrithi, Mukanda-Bantu, ni mwanawe. Msiri alikuwa na wake mamia. Waandishi wa safari za wakati ule walipenda kushangaa hesabu hiyo na kuishia hapo. Lakini mke aliyetoka kwa kiongozi wa jirani alikuwa barabara kati ya nchi mbili, na mke wake Maria da Fonseca, mwenye damu ya Kireno, alikuwa barabara inayokwenda mpaka bahari ya Angola. Kwa hiyo ukimpa mtawala wako wake 20, nitakuuliza barabara 20. Kila mmoja ametoka wapi, nani alikaa kwenye mkeka siku anapokelewa, na ni habari gani anazopeleka kwao? Kama huwezi kujibu kwa mke wa 19, mpunguze. Usimweke mwanamke ukurasani ili kuhesabu tu.

Sasa niwape ya kwangu. Siku ya mahari ya dada yangu mkubwa nilikuwa kijana wa kubeba viti. Mnajua mambo yanavyokwenda hapa kwetu, hata Kanuni ya Familia ya 1987 inataka mahari itolewe ndipo ndoa iwe ndoa. Watu wa mwanaume walikuja na kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha. Vitambaa, sukari, masufuria, bahasha. Msemaji wao alikuwa na maneno matamu. Baba akatabasamu, mashangazi wakaanza kupiga vigelegele. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa kwenye kona, hajasema kitu tangu asubuhi. Akanyoosha mkono, akaisukuma bahasha kwenye meza kwa vidole viwili, taratibu, ikarudi upande wa wageni. "Mbuzi ya mama iko wapi?"

Sauti ilikuwa ndogo. Lakini watu zaidi ya 30 walinyamaza, na bwana harusi, ambaye kazini kwake alikuwa mkubwa wa watu wengi, niliona jasho linamtoka kwenye sikio. Mbuzi alitafutwa jioni ile ile. Lakini mimi sikuona tena kitu kingine siku ile zaidi ya vile vidole viwili. Mjomba hakuwa na mali, hakuwa na cheo popote serikalini, na kwa dakika kumi alikuwa mtu mkubwa kuliko wote katika mtaa wetu.

Hapo ndipo ilipozaliwa nchi yangu ya Lusanzi. Kwa kuwa mtawala wa kwanza wa Lusanzi alikuwa mgeni aliyejua kuyeyusha shaba, na alioa katika nyumba ya wenye kisima, mtawala wao haitwi mfalme. Anaitwa Mkwe. Cheo kizima ni hicho: Mkwe wa Nchi.

Nilipolipata neno hilo nililiona ni dogo mno. Kisha nikakumbuka lilivyo katika Kiswahili. Mimi nikimwoa binti yako, wewe ni mkwe wangu na mimi ni mkwe wako. Neno halina juu wala chini. Kwa hiyo katika Lusanzi mkulima akikutana na mtawala anasema "Mkwe!" na mtawala anajibu "Mkwe!" Mgeni anayesikia anadhani ni watu wawili wa cheo kimoja. Inamchukua muda kujua kwamba mmoja wao anaweza kuamuru vita. Na inamchukua muda mrefu zaidi kujua kwamba yule mwingine si mdogo.

Mkwe anaishi kwa adabu za mkwe maisha yake yote. Hali chakula mbele ya wazee wa nyumba ya kisima. Mvua za kwanza zikinyesha, jembe lake ndilo linaloanza, katika shamba lao, kama walivyofanya wakwe wa Kibemba waliokwenda kulima kwa wazazi wa mke kabla ya kuruhusiwa kumchukua. Mahari yake haimaliziki. Kila mwaka anatoa msalaba mmoja wa shaba, kama ile misalaba ya zamani ya Katanga iliyotumika kuwa fedha na mahari, na iliyofukiwa makaburini pamoja na wenyewe.

Anayepokea anaitwa Mama Mkwe. Naye ni cheo, si mama aliyezaa mke wa mtawala. Kinarithiwa katika nyumba ya kisima, na nani atakirithi huamuliwa na wanawake peke yao. Anaweza kuwa bibi wa miaka 80, anaweza kuwa msichana. Mkwe hamtazami usoni, hampi kitu mkononi. Anauweka msalaba chini, anarudi nyuma, anageuza uso. Mama Mkwe akiuokota, mwaka umefunguka. Asipouokota, siku ileile mke wa Mkwe anazima moto wa jiko lake, anabeba chungu chake kichwani, anarudi kwao. Na mtu ambaye mke wake amerudi kwao si mkwe wa mtu yeyote. Hakuna mapinduzi katika Lusanzi. Kuna talaka tu.

Chungu hicho sikukitoa hewani. Wabemba wana kijungu kidogo cha ndoa, na bila maji ya kijungu hicho, ambacho mke anakijua na kukitunza, hata Chitimukulu, mfalme wao, mwenyewe hakuweza kukaribia mizimu ya nchi. Nimeliazima wazo, sikuliazima jina, na naomba nanyi mfanye hivyo. Mwant Yav yupo, Chitimukulu yupo, Mwata Kazembe yupo. Wana watu wao na heshima zao, na desturi nilizozitaja leo ni za wenyewe. Chukueni mantiki, muache majina mahali pake. Ukichukua jina la kweli ukalivalisha matendo uliyoyabuni, kuna mtoto mahali fulani atakayedhani hiyo ndiyo historia ya babu yake.

Binti mmoja wa mstari wa mbele ameniuliza: na Mkwe akiwa mwanamke? Swali zuri, na mimi pia lilinisumbua. Kule Afrika Kusini, kwa Walobedu, Modjadji ni malkia wa mvua, na viongozi waliotaka mvua walimpelekea mabinti wawe wake zake. Mwanamke anatoa mahari, anaoa, anaitwa mume, na watoto wa nyumba ile ni wake kwa sheria. Kwa hiyo Lusanzi nayo imewahi kuwa na Mkwe mwanamke. Alioa katika nyumba ya kisima kama wengine wote, alishika jembe mvua ya kwanza, na alikaa kando ya njia Mama Mkwe alipopita. Nchi haikubadilisha neno hata moja, kwa sababu neno lilikuwa limetungwa vizuri tangu mwanzo.

Nimalizie kwa kuwasomea kipande kidogo. Mkwe wa sura hii ana miaka 71. Ametawala 40. Mama Mkwe wa zamani, aliyemwogopa na kumpenda, amefariki miezi mitatu iliyopita, na nyumba ya kisima haijatangaza nani amerithi. Mvua ya kwanza imenyesha usiku.

"Alitoka alfajiri na msalaba ndani ya kitambaa, bila walinzi, kwa sababu mkwe haendi kwa wakwe na mikuki. Njiani kulikuwa na utelezi. Alipofika kwenye mwembe aliona msichana anakuja kutoka kisimani na mtungi kichwani, miguu mitupu, labda wa miaka 13. Alitaka kumsalimu kama mtoto. Kisha akaona ushanga mweupe kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto, na magoti yake yakajua kabla ya kichwa. Mzee akatoka njiani. Akaingia kwenye majani yaliyolowa mpaka kiunoni, akageuza uso kuelekea bondeni. Alifungua kitambaa kwa vidole visivyotii, akainama, akauweka msalaba kwenye tope la njia, nyuma ya mgongo wake, bila kuangalia. Alisikia nyayo zinakaribia. Alisikia zinasimama. Maji yakacheza mtungini, matone mawili yakadondoka chini, na baada ya hapo hakusikia kitu."